Roketi ya Wanaume wa Kigango

Kilema, 12 Januari 2025

Binti yangu Zita,

Tumsifu Yesu Kristo. Na "milele amina" nimejiitikia mwenyewe kwa niaba yako, maana nikisubiri posta ilete ya kwako Kwaresima itakuwa imeshaingia.

Huku tu wazima. Mama yako mdogo Hilda mguu umepona, na dalili ya kupona ni kwamba ameanza tena kunifukuza jikoni. Ng'ombe amezaa dume kwa mara ya tatu mfululizo, sasa sielewi nafuga ng'ombe au naendesha seminari. Krismasi watu walipanda kutoka Dar na Arusha kama kawaida yao, wakala, wakagombana kidogo kuhusu mpaka wa kihamba, shamba la ukoo, wakashuka. Ndizi zipo za kumwaga.

Kilichonifanya nitafute kalamu ni hiki. Mwezi wa kumi na moja nilichaguliwa mwenyekiti wa umoja wa wanaume wa kigango chetu. Usinipongeze. Nilichaguliwa kwa sababu wakati wa kura nilikuwa nimetoka nje kujisaidia, niliporudi nikakuta wanapiga makofi. Kila Jumamosi saa kumi tunakutana ukumbini, tunasoma maisha ya mtakatifu mmoja, tunasali, tunafunga. Tunakuwa wanne. Mmoja wa hao wanne ni Fabian, na Fabian huja kulala. Wengine wote wako kilabuni na pombe yao ya mbege mbele ya televisheni. Paroko ameniita akaniambia kwa upole kabisa kwamba Pasaka ikitukuta bado wanne, ukumbi atawapa kwaya. Mwenyekiti wa kwaya ni Hilda. Unaweza kufikiria nitakavyoishi katika nyumba hii.

Basi nikaenda kilabuni mwenyewe kuwauliza shida ni nini. Godlove, yule fundi pikipiki, akanijibu bila kuweka kata ya pombe chini: "Mwenyekiti, vitabu vyenu vina watu wanaokufa vizuri tu. Hakuna hata kitu kimoja kinachoharibika kikatengenezwa." Akasema nikipata kitabu chenye roketi atakuja na kigoda chake kutoka nyumbani. Kilabu kizima kikaitikia.

Kwa hiyo nataka kitabu cha sayansi ya kubuni, chenye roketi, na chenye Mungu ndani yake, kwa ajili ya mwanaume mzima aliyebatizwa na mwenye shamba la kahawa. Moshi mjini nimemaliza maduka. Jaimin wa duka la vifaa vya ofisi alihangaika na mimi nusu siku, mwishowe akanitolea kitabu cha roketi cha watoto cha kupaka rangi. Nilikinunua. Fabian amekipaka chote, na kwa kweli amepaka vizuri.

Wewe umesoma fizikia Chuo Kikuu kabla hujakimbilia kwa masista, na nasikia wamekuweka maktaba na kwenye uchapaji. Nitafutie.

Mimi baba yako mdogo,
Melkior


Songea, 4 Februari 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Na "milele amina" yangu hii hapa, ya kwako umejiitikia bure.

Mimi mzima, nimenenepa hata kidogo. Wanovisi tuko tisa. Asubuhi tunasali, mchana nasahihisha vitabu chumba cha uchapaji, jioni nawalisha nguruwe, ambao hawana shukrani. Simu walizichukua siku ya kwanza kama unavyojua, kwa hiyo kalamu imekuwa rafiki yangu. Mlezi wetu, Sista Stella, anakusalimu. Barua hii ataisoma kabla yako, ndio utaratibu wa unovisi, hivyo tafadhali andika kwa adabu.

Nimetafuta. Nimepekua maktaba yetu, nikaomba ruhusa nikapekua na ya mapadre. Hali ni hii, Baba Mdogo: vitabu vyenye roketi havina Mungu, na vyenye Mungu havina hata baiskeli. Cha Kiingereza nilipata kimoja chenye vyote. Ndani yake watu wanasali vizuri sana, lakini hakuna anayelima, hakuna anayecheka, na kuna mahubiri ya kurasa tisa chombo kikiwa kinaungua. Nikamkumbuka Godlove wako, nikakirudisha kwenye rafu.

Lakini ndani ya kabati la uchapaji nimekuta muswada wa kuandikwa kwa mkono, Kiswahili safi, hauna jina la mwandishi. Usiniulize zaidi. Wanaume kumi na wawili wa mteremko wa Kilimanjaro wanatumwa kupeleka miche ya kahawa na altare kwenye mwezi mmoja wa Mshtarii, ile sayari kubwa kuliko zote. Pamoja nao yuko binti mmoja anayeitwa Kindness, kazi yake kusoma njia kwenye nyota. Wanaume wako wakiuliza msichana anafanya nini humo, waambie wanaume kumi na wawili wakipotea hakuna hata mmoja atakayekubali kuuliza njia. Sura ya kwanza imo ndani ya bahasha.

Sasa na mimi nina langu. Umenitajia mguu wa Mama Mdogo, ndama, Fabian, hata mpaka wa kihamba. Baba hukumtaja. Nimemwandikia barua tatu tangu nije huku na hajajibu hata moja. Nadhiri zangu za kwanza ni tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Siku hiyo mzazi humsindikiza binti yake mpaka mbele ya altare. Mama alishatangulia, mimi nimebaki na Baba tu na Baba amebaki na mimi tu. Najua alitaka niwe mhandisi. Miaka thelathini amefundisha fizikia watoto wa watu, halafu wa kwake akamkimbia na shahada mkononi. Siku naondoka alijichimbia kwenye kahawa, nikamwita mpaka gari likapiga honi, hakutoka.

Niambie kweli, atakuja?

Mwanao,
Zita


Kilema, 2 Machi 2025

Zita mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Mwambie Sista Stella nimevaa shati safi kuandika barua hii.

Hilda mzima. Ndama mzima. Mimi nimepoteza sauti, na sababu ndiyo nakueleza.

Jumamosi ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Godlove kweli alikuja na kigoda. Nikaanza kusoma. Roketi iliponyanyuka, Fabian akafumbua macho. Tangi lilipoanza kuvuja na nahodha akasema waliwekee kiraka cha mpira, Godlove alisimama akapiga kelele kwamba mpira kwenye baridi ile utakatika, wanawaua watu. Nikamwambia mimi nasoma tu. Akasema basi soma haraka. Lilipotengenezwa walishukuru Mungu wote kwa pamoja, mle kwenye chombo na mle ukumbini, bila mtu kuwaambia. Tangu niingie uongozi sijawahi kusikia wanaume wetu wakisali kwa sauti ile.

Jumamosi ya pili wakawa kumi na tisa, nikairudia sura ileile, na hapo ndipo shida ilipoanza. Mzee mmoja wa nyuma alihesabu vidole. Chombo kiliondoka Jumatano. Mbuzi wamemchinja siku ya tatu. Kwa hiyo wamekula nyama siku ya Ijumaa, tena hadithi inasema ni Kwaresima. Ukumbi uliwaka moto. Kundi moja linasema huko angani hakuna jua la kuchomoza wala kuzama, kwa hiyo hakuna Ijumaa, wale tu. Kundi la pili linasema Ijumaa ni Ijumaa hata chini ya bahari. Saa mbili nzima. Tulimwita Paroko, akasikiliza pande zote, akasema atauliza jimboni, akaondoka anatikisika mabega. Hajarudi mpaka leo.

Kosa lingine: mwandishi wako amempa nahodha kidari cha mbuzi. Nahodha ana miaka thelathini na tano. Kidari ni cha mzee, na mle ndani kuna mzee wa miaka sabini amekaa anapewa shingo. Wanaume wamekasirika kweli. Mwambie mwandishi, popote alipo, kwamba kama ni Mchagga aone aibu.

Halafu kuna mwanachama mmoja ambaye hapendi kukaa na wenzake. Nakala yake nilimwachia barazani kwake nilipompelekea maziwa. Kesho yake nikaikuta juu ya kopo la maziwa, imechorwachorwa. Ukurasa mmoja nakurudishia, sisi hatuuelewi.

Kuhusu lile swali lako la mwisho, naona mvua za mwaka huu zitawahi.

Baba yako mdogo mwenye sauti ya chura,
Melkior


Songea, 23 Machi 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo, na pole ya koo. Chemsha tangawizi, uache ubishi wa ukumbini kwa wiki moja kama unaweza. Sisi huku wazima. Nguruwe mmoja alitoroka akaingia kanisani wakati wa Masifu ya Jioni, tukaimba mpaka mwisho naye akiwa katikati. Sista Stella anasema alikuwa na heshima kuliko wanovisi wawili watatu anaowajua.

Ukurasa nimeupata. Wino mwekundu niliutambua kabla sijausoma.

Mwandishi alisema gunia la kahawa la kilo sitini likifika kwenye mwezi ule linabaki kilo chache. Na pembeni pameandikwa kwa ule mwandiko wa kulala: "HAPANA. Gunia litakuwa jepesi kubeba, lakini kahawa haipungui hata punje moja. RUDIA." Chini yake mistari miwili. Baba Mdogo, hiyo "rudia" yenye mistari miwili nimekula nayo meza moja tangu darasa la sita. Na kosa lenyewe nilishalifanya Kidato cha Pili, nikalirudia mara ishirini kwenye daftari mpaka nikalala juu yake. Nasema nililifanya mimi, sisemi mwandishi. Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikacheka tena, mpaka Sista Stella akaja na kikombe cha maji akidhani nimekunywa wino.

Usiniambie mwanachama huyo ni nani. Ukiniambia, itabidi na mimi nikuambie mwandishi ni nani, na hapo riwaya itaharibika.

Sura ya pili na ya tatu hizi hapa. Suala la Ijumaa limepata ufumbuzi: nahodha amevaa saa mbili, moja ya chombo na moja ya Kilema, na Ijumaa ni pale inapokuwa Ijumaa kwa mama zao. Mbuzi wa siku ile mwandishi amekiri ni dhambi, na wote kumi na wawili wameungama. Mzee amerudishiwa kidari chake na kuombwa radhi.

Sura ya tatu ina makosa matano ya fizikia. Yamewekwa kwa makusudi. Mpe mwanachama wako, usimwambie idadi.

Na usinijibu tena habari za mvua.

Zita

Nami nimesoma. Nahodha asife. – Sista Stella


Kilema, 4 Mei 2025

Zita wetu,

Kristo amefufuka, na ukumbi tunao.

Jumamosi kuu ilipopita tukahesabiana: wanaume arobaini na watatu. Viti havikutosha, wengine wamekalia ngoma za kwaya. Hilda alinuna siku nne. Siku ya tano nikamkuta yeye na sauti ya kwanza yote wamejipanga nje ya dirisha, eti wanapalilia maua. Yale maua hayajawahi kupaliliwa tangu ukumbi ujengwe.

Habari zimevuka mji. Sifael wa Machame, shemeji yake Godlove, Mlutheri wa kuzaliwa, alikuja na wenzake watatu wakiwa na tai. Walisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu Sifael akanyanyua mkono akauliza inawezekanaje wanaume kumi na wawili watoke mlimani kwenda kuanzisha dunia mpya na asiwepo hata Mlutheri mmoja. Wetu wakasema chombo kimejaa. Yeye akasema basi mashine itawafia njiani, kwa sababu anajua Wakatoliki wanavyotunza mashine. Tulipiga kura. Tunaomba Mlutheri mmoja. Godlove amependekeza awe mhandisi, ila apewe kazi ngumu.

Jaimin naye, anayetutolea nakala, amegoma kutoa sura ya tatu mpaka amalize kuisoma mwenyewe, wateja wanasubiri. Ana dai lake: mji mpya bila duka si jambo la kuaminika. Anataka Mhindi mwenzake mmoja mwenye duka kwenye mwezi ule, na awe ameshafika kabla yao. Wanaume walicheka mpaka machozi, lakini hakuna aliyesema haiwezekani.

Yule mwanachama wangu ameona makosa yote matano. Ameona na la sita, ambalo kwa jinsi alivyolipigia mstari sidhani kama mwandishi alilikusudia. Hiyo karatasi nakuletea. Alipoimaliza sura ya tatu aliniuliza, hivihivi kama mtu anayeuliza bei ya mbolea, kama ipo ya nne. Jumamosi iliyofuata nikamwona amekaa kwenye ukuta wa nje ya ukumbi. Akasema anapumzisha miguu, unajua miguu yake. Aliipumzisha saa mbili, na nilipopunguza sauti akaniambia kwa ukali nisome kama mtu aliyekula.

Umenikataza habari za mvua. Basi nikuambie hivi, halafu tusiongee tena. Nikilitaja jina lako ananyanyuka kwenda kutazama kahawa. Kwa hiyo silitaji. Tunaongea habari za Kindness. Ananiuliza mtoto yule anakula nini huko, anasema mwandishi amemwandikia uji tu kila asubuhi, huo si ulaji.

Leta sura.

Melkior


Songea, 29 Juni 2025

Baba Mdogo,

Shikamoo. Mama Mdogo shikamoo na yeye, mpe pole ya kupalilia. Huku baridi imeingia kweli, asubuhi tunatoa moshi mdomoni. Gauni la nadhiri limeshonwa, limenibana mabegani, wanalifumua. Sina habari nyingine za kukuchekesha leo, nisamehe.

Sura ya nne mpaka ya sita nilikutumia mwezi uliopita, na bahasha yako ya mwezi huu ilikuja bila barua. Ilikuwa na sura ya sita peke yake, kurasa kumi na nne, zimerudi safi. Hakuna hata nukta nyekundu. Baba Mdogo, kwenye ukurasa wa tatu nimelipua tangi nje ya chombo na wanaume wote wakasikia mlio. Hakuna hewa kule, hakuna mlio, hata Fabian anajua. Hawezi kuwa hakuliona. Ameliona akaliacha.

Basi tuache mchezo. Mwandishi ni mimi. Hakukuwa na muswada kabatini, kulikuwa na mopu. Mwanzo niliandika kwa sababu uliomba kitabu na hakipo, na nilikuonea huruma na ukumbi wako. Tangu ule wino mwekundu niliandika kwa ajili ya mtu mmoja, hao arobaini na watatu wa ukumbini waniwie radhi. Nilikuwa nakaa usiku natafuta makosa mazuri ya kumpelekea. Hakuna barua yoyote aliyonijibu, lakini makosa yangu yote aliyajibu.

Sura ya sita unaijua. Wamefika, miche imeshika, altare imesimama, na nahodha anasema wanarudi nyumbani. Kindness anasema yeye anabaki kuitunza taa. Anampigia baba yake redio, anamwambia hakuondoka kwa sababu hampendi, anaomba baraka. Sauti inachukua dakika arobaini kufika duniani na jibu dakika arobaini kurudi. Sura inaishia hapo, amekaa anasubiri. Nadhani Baba alipofika pale aliijua sauti ya nani, akafunga kitabu.

Nilijaribu kuandika jibu la yule baba. Niliandika mara saba. Mara nyingine anambariki, mara nyingine anakaa kimya, mara moja nikamfanya afe, nikachana. Sista Stella alizikuta karatasi. Nilidhani nitafungishwa mizigo. Alizisoma zote saba akanirudishia, akasema, "Mwanangu, huwezi kumwandikia mtu jibu lake."

Kwa hiyo sura ya saba niliyoambatanisha hapa ni ukurasa mmoja mtupu. Ni wa Baba. Mpe mkononi, usimwachie juu ya kopo la maziwa. Na kama jibu ni kwamba haji, niandikie neno hilo moja, nitalibeba. Mwezi mmoja na nusu umebaki na mimi bado kila gari likiingia getini naenda dirishani.

Zita


Kilema, 11 Agosti 2025

Zita, binti yetu,

Tumsifu Yesu Kristo. Safari hii sijiitikii, utaitikia mwenyewe kwa sauti.

Nyumbani wazima wote, pamoja na ndama, ambaye Hilda amembatiza Nahodha.

Kwanza nikiri dhambi yangu. Ukurasa ule mtupu niliukalia wiki mbili. Nilimwogopa kaka yangu, na umri wangu huu. Kila nikiufikisha barazani kwake nilikuwa naishia kusema habari za mbolea. Mwishowe nikamfuata kwenye kahawa, palepale alipojificha siku ile, nikamwambia ni sura ya saba, nikamwekea mkononi, nikaondoka mbio kama mtoto aliyeiba parachichi.

Jumamosi ya tarehe 2 ukumbi ulikuwa umejaa mpaka mlangoni na mimi sina cha kusoma. Nilikuwa nimesimama najiandaa kudanganya. Baba yako, Valerian, akaingia. Hakukaa ukutani, aliingia ndani, mara ya kwanza tangu uondoke, na amevaa koti lake la ualimu. Wanaume waliofundishwa naye wakasimama wote bila kujua, hata Godlove ambaye alifukuzwa darasani kwake mara sita.

Akaweka karatasi mezani. Akasema, "Sura ya sita sikuisahihisha kwa sababu macho yalikuwa yananisumbua, sikuona karatasi." Akasema mlio wa tangi ni upuuzi na mwandishi anajua ni upuuzi. Lakini kosa kubwa la kitabu kizima ni moja na ni la mwisho. Mwandishi amemweka yule baba asubiriwe kwenye redio. Baba mwenye akili zake, akasema, hajibu jambo kama hilo kwa redio.

Sifael akauliza, kwa heshima, sasa atajibuje, na roketi imeshaondoka, na ilikuwa moja tu. Valerian akamtazama kama anavyotazama mtu asiyejua jedwali la kuzidisha. Godlove akawahi kujibu. Akasema, "Mwalimu, tuko arobaini na watatu hapa na Walutheri wanne. Roketi ya pili inatushinda nini?" Zita, ukumbi ulipiga kelele mpaka kwaya ikaanguka dirishani.

Basi tangu siku hiyo wamekuwa wanatengeneza hiyo roketi. Jaimin ameunganisha sura zote na kuzitia jalada gumu. Sifael amempa Valerian koti lake zito kwa sababu amesoma kwamba Songea mwezi huu ni baridi. Fabian amechora jalada, na safari hii hakupita nje ya mistari. Hilda amekaanga ndizi za kulisha jeshi, anasema Kindness ameishi kwa uji vya kutosha.

Nilimuuliza kaka kwenye ule ukurasa ameandika nini. Akanionyesha, ni mtupu vilevile. Akasema amejaribu mara nyingi, akajikuta anasahihisha kabla hajaandika, kwa hiyo atasema kwa mdomo na wewe usimrukie akikosea.

Utaona bahasha hii haina stempu wala muhuri wa posta. Aliyekukabidhi amekaa kwenye mabasi siku mbili, na miguu yake ikikaa sana huvimba. Yeye hawezi kukuambia, atasimama tu hapo mlangoni. Mwambie avue viatu.

Baba yako mdogo,
Melkior